Modeli ya seziamu kwenye chakula: mwongozo kamili, kuanzia malisho ya shambani hadi uyoga wa msituni

Majedwali ya kukadiria seziamu (elementi yenye mionzi) kwenye chakula mnayonitumia niyakague hukwama pale pale. Maziwa yanatoka vizuri, nyama ya kondoo inakaribia, kisha uyoga na nyama ya porini vinatoka chini mno ukilinganisha na vipimo vya maabara. Mnarudia hesabu, mnabadilisha fomula, na jibu linabaki vilevile. Tatizo haliko kwenye hesabu. Mmeuchukulia msitu kama shamba ambalo halijalimwa, na msitu hauko hivyo hata kidogo.

Kwa hiyo tutajenga modeli mbili ndani ya faili moja: ya shamba na ya pori. Mfano wetu ni seziamu-137 iliyoanguka Ulaya baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986, kwa kuwa huko kuna vipimo vya miaka mingi vya kujipima navyo. Nitatumia mwanguko (kiasi cha mionzi kilichotua ardhini) wa bekereli (Bq, kizio cha mionzi) 37,000 kwa kila mita ya mraba, kiwango kilichotumika kuchora mipaka ya maeneo yaliyochafuliwa Belarus, Ukraine na Urusi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usifungue faili kabla hujavipata hivi:

- Mwanguko wa kila elementi yenye mionzi, kwa Bq/m², pamoja na tarehe yake.
- Aina ya udongo: mfinyanzi, kichanga, au mboji. Pata pia kina cha tabaka na uzito wa udongo kwa mita ya ujazo. Kipimo cha potasiamu kikipatikana, ni bahati kubwa.
- Chakula cha mnyama kwa siku, kwa uzito mkavu, msimu kwa msimu.
- Wanachokula watu wa eneo hilo. Uliza wawindaji na waokota uyoga wenyewe. Wastani wa taifa hauwajui.
- Majedwali ya uwiano wa uhamisho, yaani sehemu inayohama kutoka udongo kwenda mmea, au kutoka chakula kwenda mnyama. Yale ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) ya mwaka 2010 yanatosha kuanzia.
- Vipimo vya maabara vya chakula halisi. Gawa mafungu mawili, na fungu moja liweke kando bila kuligusa mpaka hatua ya 8.
- Excel au LibreOffice. Huhitaji programu ghali.

## Hatua ya 1: Andika swali juu ya ukurasa

Chakula gani, kinaliwa na nani, mwezi gani, na kitalinganishwa na kikomo kipi? Andika sentensi hiyo kwenye seli ya kwanza kabisa.

Sababu yake ni kwamba vikomo havifanani. Uingereza ilitumia 1,000 Bq/kg kwa nyama ya kondoo. Kwa bidhaa zilizoingia kutoka nje baada ya Chernobyl, Ulaya iliweka 370 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga, na 600 kwa vyakula vingine. Norwe mwishoni mwa 1986 iliruhusu hadi 6,000 kwa nyama ya reinidia (mnyama wa kaskazini wa jamii ya kulungu), kwa kuwa kikomo cha chini kingevunja maisha ya Wasami, wenyeji wa kaskazini wanaomfuga. Japani tangu Aprili 2012 inatumia 100 kwa vyakula vya kawaida na 50 kwa maziwa. Jibu la 700 Bq/kg linaruhusiwa mahali pamoja na kukataliwa pengine.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine akisoma sentensi yako anajua ni nambari gani anayoisubiri.

## Hatua ya 2: Linganisha vizio na tarehe

Nusu ya majedwali yaliyoharibika huharibikia hapa. Tengeneza safu tatu karibu na kila nambari: kizio, uzito mkavu au mbichi, na tarehe.

Uyoga mbichi ni maji kwa takribani asilimia 90. Ukichanganya uwiano wa uzito mkavu na kilo za uyoga mbichi sokoni, umekosea mara kumi kabla hujaanza. Kwa nyama na maziwa, majedwali kwa kawaida hutumia uzito mbichi. Kwa nyasi na udongo, uzito mkavu.

Kisha punguza kwa tarehe. Nusu-maisha (muda wa nusu yake kutoweka) ya seziamu-137 ni miaka 30.2, ya seziamu-134 ni miaka 2.1, na ya iodini-131 ni siku 8. Fomula ni moja:

mwanguko wa leo = mwanguko wa mwanzo × 0.5^(muda ÷ nusu-maisha)

Baada ya mwaka mmoja, 37,000 inakuwa takribani 36,160. Baada ya miaka 10 ni kama 29,400.

Tahadhari: usiweke hapa upungufu wa aina nyingine yoyote. Kuoshwa na mvua, kushikwa na udongo na kuzama chini vina safu zao. Wengi huvijumlisha mara mbili.

## Hatua ya 3: Shamba, wiki za kwanza

Mwanzoni sumu iko juu ya majani, si ndani ya mizizi. Sehemu inayoshikwa na majani hutegemea wingi wa nyasi:

sehemu iliyoshikwa = 1 − EXP(−3 × kilo za nyasi kavu kwa m²)

Malisho yenye kilo 0.25 kwa mita ya mraba yanashika kama 0.53. Hivyo 37,000 × 0.53 ÷ 0.25 inakupa karibu 78,000 Bq kwa kilo ya nyasi kavu. Ng'ombe wa maziwa anayekula kilo 16 kavu kwa siku, kwa uwiano wa 0.0046 (sehemu ya alichokula kwa siku inayotokea katika kila lita), atatoa takribani 5,750 Bq kwa lita.

Usishtuke. Hiyo ni nambari ya ng'ombe aliyekuwa malishoni siku ile, na mvua haikuziosha nyasi zaidi ya hesabu yetu. Sehemu kubwa ya Uswidi na Finlandi mwishoni mwa Aprili ng'ombe walikuwa bado zizini wakila nyasi za mwaka uliopita. Ndiyo maana nasisitiza chakula kiandikwe msimu kwa msimu: seli moja ya "yuko ndani" inaweza kufuta maelfu ya bekereli.

Mvua, upepo na nyasi mpya hupunguza kwa nusu kila siku 14 hivi. Baada ya siku 56 zimepita nusu nne, yaani sehemu moja ya kumi na sita: maziwa yameshuka hadi kama 360 Bq kwa lita.

Kwa iodini-131 unganisha upungufu wa aina mbili: 1 ÷ (1/8 + 1/14), yaani siku 5 hivi. Ifanyie ukurasa wake. Inakwisha kabla mizizi haijahusika, lakini ndiyo inayotishia tezi za shingo za watoto wanaokunywa maziwa mabichi wiki hizo za mwanzo.

Umefaulu ikiwa mchoro wako unashuka haraka miezi miwili ya kwanza, kisha unalala.

## Hatua ya 4: Shamba, miaka inayofuata

Sasa mizizi inashika kazi, na hapa ndipo udongo unaamua kila kitu. Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Seziamu inafanana kikemia na potasiamu. Mmea wenye njaa ya potasiamu huipokea seziamu kana kwamba ni chakula. Udongo wa mfinyanzi wenye madini aina ya ilaiti huikamata katikati ya matabaka yake na kuifungia. Mboji haina mtego huo: seziamu inabaki huru, mizizi inaichukua, jani linaanguka, linaoza, na mzunguko unaanza upya.

Fomula ni nyepesi. Gawa mwanguko kwa uzito wa tabaka la udongo, kisha zidisha kwa uwiano wa udongo kwenda nyasi.

Mfinyanzi: sentimita 10 zenye kilo 1,300 kwa mita ya ujazo ni kilo 130 kwa mita ya mraba. 36,160 ÷ 130 = 278 Bq/kg. Kwa uwiano wa 0.18, nyasi zina 50 Bq/kg, na maziwa yana chini ya 4 Bq kwa lita.

Mboji: sentimita 10 zile zile, lakini kilo 300 tu kwa mita ya ujazo, yaani kilo 30 kwa mita ya mraba. 36,160 ÷ 30 = 1,205 Bq/kg. Kwa uwiano wa 0.76, nyasi zina 916 Bq/kg, na maziwa yana kama 67 Bq kwa lita.

Mwanguko ni ule ule, mwaka ule ule, na tofauti ni mara 18.

Sasa mweke kondoo kwenye mboji hiyo. Anakula kilo 1.5 kavu kwa siku, na uwiano wake wa nyama ni 0.19. Nyama inatoka 261 Bq/kg. Liandike jibu hili pembeni, maana tutalirudia.

Kosa la udongo liliwaumiza wafugaji wa milima ya Cumbria na Wales, Uingereza. Juni 1986 waliambiwa zuio la kuuza kondoo lingedumu wiki tatu. Matarajio hayo yalitokana na tabia ya seziamu kwenye udongo wa mfinyanzi wa nyanda za chini. Milima yao ilikuwa ya mboji chachu, maskini wa potasiamu. Wiki tatu zikawa miaka 26: mashamba ya mwisho yalifunguliwa 2012. Kila ninapoona seli ya udongo imeandikwa "wastani", nawakumbuka wale wafugaji waliokuwa wakiwapaka rangi kondoo wao wasiingie buchani.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki wanaotaka kutumia modeli hii nyumbani: msinakili uwiano wa Ulaya. Udongo mwekundu wa tropiki uliochakaa kwa mvua za karne nyingi una ilaiti kidogo, hivyo hauishiki seziamu kwa nguvu ile. Udongo wa matumbawe nao una mkasa wake. Kisiwani Bikini, ambako Marekani ilijaribu mabomu ya nyuklia, wakazi waliorudishwa waliondolewa tena 1978, na nazi zilikuwa chanzo kikubwa cha seziamu mwilini mwao. Udongo ule hauna potasiamu ya kutosha, na mnazi unaila seziamu. Watafiti walipotia mbolea ya potasiamu, seziamu kwenye nazi ilishuka sana.

Tahadhari: shamba likishalimwa, badilisha kina cha tabaka kutoka sentimita 10 hadi 20 au zaidi. Usiguse mwanguko.

Umefaulu ikiwa ukibadilisha seli moja ya aina ya udongo, faili zima linajirekebisha.

## Hatua ya 5: Pori, ukurasa mpya kabisa

Usinakili ukurasa wa shamba. Fungua mtupu.

Msituni udongo hauna tabaka moja la kugawia. Kuna majani makavu juu, chini yake takataka zinazooza, kisha mboji, kisha madini, na kila aina ya uyoga hulisha nyuzi zake kwenye tabaka lake. Hivyo tunaacha udongo pembeni na kutumia uwiano wa jumla, wenye kizio cha m²/kg:

Bq/kg ya chakula = mwanguko (Bq/m²) × uwiano wa jumla (m²/kg)

Ni njia ya kukiri kwamba hatuyajui yote yanayotokea katikati. Kwa pori, ukweli huo unatusaidia kuliko fomula ndefu.

Uyoga. Uwiano kwa uzito mkavu huanzia takribani 0.001 na kufika 1 au kuzidi, kutegemea aina. Kwa 0.3, mwanguko wetu wa 36,160 unatoa 10,850 Bq/kg kavu, yaani kama 1,085 kwa uyoga mbichi. Kwa 0.003 ni kama 11 tu. Kwa hiyo "uyoga" haliwezi kuwa jina la seli. Andika aina. Uyoga wa *Imleria badia*, unaopendwa sana Ulaya ya Kati, una rangi asilia inayong'ang'ania seziamu, na huwa juu mwaka baada ya mwaka.

Elgi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu anayewindwa Uswidi. Uwiano wa 0.02 kwa uzito mbichi unatoa kama 720 Bq/kg. Weka na safu ya msimu: mwaka wenye uyoga mwingi, nyama ya wanyama wa msituni hupanda wakati wa vuli.

Reinidia. Majira ya baridi hula laikeni, viumbe visivyo na mizizi ambavyo hunyonya kila kitu kutoka hewani na kwenye mvua. Kiangazi wanahamia nyasi na majani, na nyama inashuka sana. Reinidia mwenye nambari moja kwa mwaka mzima ni kosa.

Nguruwe mwitu. Hapa ndipo modeli nyingi hufia. Nguruwe wa kusini mwa Ujerumani huchimbua uyoga wa chini ya ardhi wa jenasi *Elaphomyces*, hasa wakati wa baridi chakula kikiwa haba. Uyoga huo uko sentimita kadhaa chini, kule ambako seziamu inateremka polepole. Wanyama wengine wanapungua, yeye habanduki. Ukimwekea upungufu wa haraka kama wa nyasi, utatabiri nguruwe safi ambaye hayupo. Mwachie upungufu wa asili wa miaka 30 tu, au hata mstari usioshuka kwa miaka ya kwanza.

Umefaulu ikiwa ukurasa wa pori una safu nyingi zaidi za aina na msimu, na fomula chache zaidi, kuliko ukurasa wa shamba.

## Hatua ya 6: Kutoka chakula hadi mwilini

Zidisha Bq/kg kwa kilo zinazoliwa kwa mwaka, kisha kwa uwiano wa dozi. Kwa mtu mzima, seziamu-137 ni 0.000000013 Sv (sivati, kizio cha dozi ya mionzi mwilini) kwa kila Bq.

Familia ya mwindaji kwenye mfano wetu: maziwa ya mboji nusu lita kwa siku yanaleta milisivati 0.16 kwa mwaka. Kilo 20 za nyama ya elgi zinaleta 0.19. Kilo 5 za uyoga mbichi wenye 1,085 Bq/kg zinaleta 0.07. Jumla ni kama 0.42, chini ya milisivati 1 ambayo ni kikomo cha kawaida kwa raia.

Angalia mizani ilivyolala: vyakula viwili vya porini, vinavyoliwa kwa kiasi kidogo, vimebeba zaidi ya nusu ya dozi. Ukitumia wastani wa taifa wa ulaji, familia hii inatoweka kwenye modeli yako.

Weka pia seli ya mapishi. Uyoga ukichemshwa na maji kumwagwa hupoteza sehemu kubwa ya seziamu. Maziwa yakifanywa siagi, seziamu inabaki kwenye maji ya maziwa.

## Hatua ya 7: Jibu liwe na mapana

Uwiano wa uhamisho hautawanyiki kwa kujumlisha na kutoa. Hutawanyika kwa kuzidisha na kugawa. Tumia wastani wa kijiometri na mtawanyo wake, na katika Excel andika:

=LOGNORM.INV(RAND(), LN(wastani), LN(mtawanyo))

Iburute mistari 1,000, kisha soma asilimia ya 5, ya 50 na ya 95.

Turudi kwa kondoo wetu wa 261 Bq/kg. Kwa mtawanyo wa 3, mapana yake ni kuanzia 43 hadi karibu 1,600. Kikomo cha 1,000 kimo humo humo, na nafasi ya kukivuka ni kama 11 kwa 100. Aliyeripoti "261, salama" amedanganya bila kukusudia. Milimani Uingereza, kondoo waliovuka 1,000 walikuwepo kweli, kwa kuwa mboji ile ilikuwa maskini kuliko mboji ya jedwalini.

Tahadhari: tenganisha mambo mawili. Kutokujua wastani wa shamba ni jambo moja. Tofauti kati ya kondoo na kondoo ndani ya shamba lile lile ni jambo jingine. La kwanza hupungua ukipima zaidi. La pili halipungui.

## Hatua ya 8: Fungua lile fungu ulilolificha

Gawa ulichotabiri kwa kilichopimwa. Kwa maziwa na nyama ya shambani, mimi nakubali jibu lililo kati ya theluthi moja na mara tatu. Kwa pori nakubali hadi mara kumi, mradi mpangilio wa aina na misimu uwe sahihi: uyoga ule uliotabiri kuwa juu kabisa uwe ndio ulio juu kabisa.

Likikosea, usiburute uwiano mpaka ulingane. Hiyo inaziba jeraha bila kulisafisha. Rudi nyuma kwa mpangilio huu: vizio, tarehe, aina ya udongo, chakula cha mnyama, na uwiano mwisho kabisa. IAEA iliwahi kuwapa wajenzi wa modeli mwanguko wa Bohemia ya Kati na wa kusini mwa Finlandi bila kuwaonyesha vipimo vya chakula, kisha ikalinganisha. Hata wataalamu wenye modeli kubwa walitofautiana wao kwa wao, na namna kila mmoja alivyoielewa data ilikuwa chanzo kikubwa.

## Hatua ya 9: Jaribu tiba ndani ya faili kabla ya shambani

Ongeza seli za kuwasha na kuzima: mbolea ya potasiamu, kulima kwa kina, buluu ya Prussia (kemikali inayoikamata seziamu tumboni) kwenye chumvi ya kulamba (Norwe huwapa kondoo na reinidia), na kulisha chakula safi kabla ya kuchinja.

Hii ya mwisho ndiyo rahisi kuhesabu na ndiyo inayookoa kipato cha mfugaji. Seziamu kwenye nyama ya kondoo hupungua nusu kwa siku 10 hivi akipewa chakula safi. Kondoo wa 1,500 Bq/kg baada ya siku 21 anakuwa na kama 350. Msituni huwezi kumlisha nguruwe mwitu wala kutia potasiamu chini ya kila mti. Huko tiba ni kupima kila mzoga na kuchagua mwezi wa kuwinda, kwa hiyo kwenye ukurasa wa pori weka seli ya mwezi peke yake.

Hifadhi nakala ya faili yenye tarehe, na vipimo vya msimu ujao viingie kwenye fungu la siri kwanza, kabla hujaviangalia.